Walikataa Oktoba, wakamrudisha Machi: uchaguzi wa New South Wales wa mwaka 1917

Mwalimu mmoja wa historia, anayefundisha sekondari Morogoro, ameniuliza hivi: "Nimesoma kwamba Oktoba 1916 Waaustralia waliulizwa kama vijana wao walazimishwe kwenda vitani ng'ambo, wakakataa, na kwamba waliokataa kwa wingi zaidi ni watu wa jimbo la New South Wales. Lakini miezi mitano baadaye jimbo hilohilo lilimchagua tena William Holman, mtu aliyepigania jibu la Ndiyo na ambaye chama chake kilikuwa kimemfukuza kwa sababu hiyo. Wapiga kura walisahau? Halafu, mtu aliyefukuzwa na chama anaendeleaje kuwa mkuu wa serikali? Na huo mpasuko wa chama uliisha lini?"

Mwalimu, hawakusahau. Nadhani ukiufuatilia uchaguzi huu kwa makini utaona kwamba Machi 1917 watu hawakuulizwa swali lile la Oktoba, na kwamba chama kilichoshindwa kilikuwa kimejimaliza chenyewe kabla masanduku ya kura hayajafunguliwa. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia iliwasha moto, ila kuni zilikuwa zimekusanywa kwa zaidi ya miaka ishirini. Kwa hiyo itabidi nianze nyuma kidogo.

Chama cha Labor cha New South Wales kilizaliwa kutokana na vyama vya wafanyakazi, baada ya migomo mikubwa ya 1890 kushindwa. Mwaka 1891 kiliingia bungeni kwa kishindo, kikapata viti 35, jambo ambalo hata wenyewe hawakulitarajia. Furaha haikudumu. Wakati huo siasa ya jimbo ilizunguka ushuru wa forodha: wengine walitaka biashara huria, wengine walitaka viwanda vya nyumbani vilindwe. Wabunge wapya wa Labor wakagawanyika palepale, nusu huku nusu kule, na waliowachagua wakabaki wameduwaa. Chama kikaamua kwamba haitatokea tena. Kila mgombea angetia saini ahadi kwamba, katika mambo ya msingi ya chama, atapiga kura kama wengi walivyoamua katika kikao cha wabunge wa chama, apende asipende. Asiyetia saini hagombei kwa jina la Labor.

Baadhi ya waliosimama kidete kuitetea ahadi hiyo walikuwa vijana wawili wahamiaji kutoka London: William Morris Hughes na William Holman. Holman alikuwa fundi wa samani aliyejisomesha usiku hadi akawa wakili. Hughes alikuwa na duka dogo Balmain, mtaa wa Sydney, akauza vitabu na kutengeneza miavuli. Walibishana na kila aliyedai kwamba mbunge ni mtu huru mwenye dhamiri yake. Mmoja wa waliokataa kutia saini mwaka 1894 alikuwa Joseph Cook, mchimba makaa wa zamani ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa akiwaongoza wabunge wa Labor. Cook akaondoka, akahamia upande wa pili. Lishike jina hilo, kwa sababu mwaka 1917 Hughes na Cook walikaa benchi moja la mbele bungeni, katika chama kimoja, wakipingana na Labor. Kwangu mimi jambo hilo linaeleza mengi kuliko hotuba zote za wakati ule.

Sasa twende kwenye vita. Holman alishika uongozi wa serikali ya jimbo katikati ya 1913, na Desemba mwaka huo aliongoza Labor kushinda uchaguzi. Hughes alikuwa Waziri Mkuu wa nchi nzima tangu Oktoba 1915. Kwa hiyo vita ilipopamba moto, marafiki hao wawili wa zamani walikuwa wanaongoza, mmoja taifa na mwingine jimbo lenye watu wengi kuliko yote, wote wakiwa Labor.

Wanajeshi wa Australia waliokwenda ng'ambo walikuwa wa kujitolea wote. Sheria ya ulinzi iliruhusu serikali kumlazimisha mwanamume kutumika ndani ya nchi tu. Hilo lilitosha hadi Julai na Agosti 1916, pale divisheni za Australia zilipopelekwa Pozières na Mouquet Farm, katika mapigano ya Somme nchini Ufaransa. Ndani ya wiki kama sita zilipoteza askari wapatao 23,000, waliokufa na waliojeruhiwa. Hughes alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka Uingereza, akiwa ameshawishika kwamba watu wa kujitolea hawatatosha. Baraza la juu la bunge la taifa lisingempitishia sheria, kwani wenzake wa Labor wangemwangusha. Akaamua kwenda kwa wananchi.

Ukipata nafasi, wasomee wanafunzi wako swali lenyewe la kura ya maoni. Halikutaja popote kulazimishwa kwenda kupigana Ufaransa. Liliuliza kama mwananchi anakubali serikali iwe, katika hali hii ya dharura, na mamlaka yaleyale juu ya raia kwa utumishi wa kijeshi nje ya nchi ambayo tayari inayo kwa utumishi wa ndani. Limeandikwa ili jibu la Ndiyo lionekane jambo dogo.

Kisha Hughes akafanya kitu ambacho, kwa maoni yangu, kilimgharimu kuliko maneno ya wapinzani wake wote. Hata kabla ya kura, alitumia mamlaka aliyokuwa nayo tayari kuwaita kambini wanaume wasio na wake wenye umri wa miaka 21 hadi 35. Walipimwa afya, wakachukuliwa alama za vidole, na aliyetaka msamaha alipaswa kujieleza mbele ya mahakama maalumu. Ilikuwa Oktoba. Kusini mwa dunia huo ni mwezi ambao ngano inakaribia kuvunwa. Mkulima wa bara, ambaye maisha yake yote hajawahi kuipa Labor kura, alimtazama mwanawe akipanda treni kwenda kambini huku shamba likimsubiri. Hapo swali lile lenye maneno laini likawa na sura.

Matokeo ya 28 Oktoba 1916: Ndiyo 1,087,557, Hapana 1,160,033. Tofauti ya nchi nzima ilikuwa 72,476. Katika New South Wales peke yake Ndiyo ilipata 356,805 na Hapana 474,544, tofauti ya karibu 118,000. Maana yake ni kwamba bila jimbo la Holman, Hughes angeshinda. Uko sahihi kabisa kushangaa kilichofuata.

Hapo ndipo penye ufunguo wa kwanza. Wale 474,544 hawakuwa watu wa Labor wote. Walikuwemo wafanyakazi wa bandarini na wa reli, walioamini kwamba akishachukuliwa mwanamume kwa nguvu, kazi yake itapewa mwingine kwa ujira mdogo. Walikuwemo Wakatoliki wengi wenye asili ya Ireland, ambao mioyo yao ilikuwa imechafuka tangu Waingereza wapige risasi viongozi wa maasi ya Dublin mwezi Mei mwaka huohuo. Lakini walikuwemo pia wakulima niliowataja, na watu wa kawaida waliounga mkono vita kwa dhati ila hawakutaka mtu apelekwe kufa kwa amri. Mtu wa namna hiyo hakuona ugumu wowote kukataa kulazimisha watu mwezi Oktoba, kisha Machi kuchagua serikali iliyosema itaipigania vita hadi ushindi.

Na serikali hiyo iliundwaje? Hapa naingia kwenye swali lako la pili.

Ugomvi kati ya Holman na chama chake ulikuwa mkali tayari kabla ya kura ya maoni. Katika mkutano mkuu wa chama wa Aprili 1916, kundi la vyama vya wafanyakazi lilitawala ukumbi na kupitisha azimio la kuilaumu serikali yake. Sababu haikuwa vita. Walimlaumu kwa kushindwa kulifuta baraza la juu la bunge la jimbo, ambalo wajumbe wake waliteuliwa na halikuwahi kupigiwa kura na wananchi. Walimlaumu pia kwamba bei ya vitu inapanda na mishahara imesimama. Wafanyakazi waliona wanaongozwa na watu waliowapandisha wao wenyewe, ambao sasa wanawasikiliza zaidi makatibu wa wizara. Holman naye aliona kwamba wajumbe wa mkutano, ambao hakuna mwananchi aliyewachagua, wanataka kumtuma kama tarishi. Maneno aliyoyatumia kujitetea yalikaribiana mno na yale ya Cook miaka ishirini na mbili nyuma.

Kwa hiyo halmashauri ya chama ilipotangaza kwamba mbunge yeyote atakayeunga mkono kulazimisha watu jeshini hatapitishwa tena kugombea, ilikuwa inamaliza hesabu ya zamani. Hughes alifukuzwa na tawi lake la New South Wales katikati ya Septemba 1916, Kura ya Maoni ikiwa bado haijapigwa. Holman na wenzake wakafuata. Tarehe 14 Novemba, katika kikao cha wabunge wa Labor wa taifa huko Melbourne, Hughes alisimama katikati ya mjadala wa kumkataa, akawaambia wanaofikiri kama yeye wamfuate, akatoka nje. Wabunge na maseneta 24 wakanyanyuka na kuondoka naye.

Siku hizohizo Holman alikuwa anapiga hesabu zake Sydney. Wewe ni Mtanzania, na najua swali hili limekujia kwa sababu hiyo: kwetu mbunge akifukuzwa na chama, Katiba inamwondoa bungeni papo hapo. Kule haikuwa hivyo. Kiti kilikuwa cha mtu aliyechaguliwa. Chama kiliweza kumnyima jina lake, lakini hakikuweza kumnyang'anya kura za waliomchagua, na mkuu wa serikali alibaki kuwa yeyote anayeungwa mkono na wabunge wengi. Holman alihitaji wengi hao tu. Aliwapata kwa Charles Wade, kiongozi wa Waliberali, chama kikuu kilichopingana na Labor, mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemshambulia miaka na miaka. Mnamo Novemba 1916 wakaunda serikali ya mseto. Wade, aliyewahi kuliongoza jimbo, alikubali kukaa pembeni ili Holman abaki na kiti cha juu. George Fuller wa Waliberali akawa mtu wa pili. Mwanzoni mwa 1917 kambi hizo mbili zikaungana kuwa chama kimoja, Chama cha Kitaifa, na chama cha wakulima na walowezi kikasimama upande wao.

Kwa nini Waliberali, walio wengi zaidi, wakubali kuongozwa na adui wao wa jana? Kwa sababu walijua thamani yake. Kwa jina la Liberali wasingeweza kumwendea fundi wa Newcastle wakamwomba kura. Wakiwa na Holman mbele, mzungumzaji ambaye wengi walimhesabu kuwa bora kuliko wote bungeni, waliweza kusema kwamba hiyo si serikali ya matajiri, ni ya wazalendo wa pande zote. Naye Holman alipata gazeti la Sydney Morning Herald, fedha za uchaguzi na matawi ya Waliberali katika kila mji. Chama alichokijenga ujana wake wote kilikuwa kimemfungia mlango.

Upande wa Labor hali ilikuwa ya kusikitisha. Mawaziri wao wenye uzoefu waliondoka na Holman. Wabunge waliobaki walimchagua Ernest Durack awe kiongozi, mtu mwema lakini asiyejulikana sana, na Februari 1917, uchaguzi ukiwa mlangoni, akajiuzulu. Wakamshika John Storey, fundi wa boila kutoka Balmain. Storey alikuwa mpole, mcheshi, mwenye marafiki hata kwa wapinzani, na baadaye ilionekana kwamba ndiye hasa waliyemhitaji. Lakini alipewa muda wa mwezi mmoja tu. Fikiria chama kinaingia uchaguzi kikiwa na kiongozi wa tatu ndani ya miezi mitano, wagombea wengi wapya, na jina la aliyekuwa kiongozi wao likiwa kwenye mabango ya wapinzani.

Kulikuwa na mzigo mwingine. Septemba 1916 polisi wa Sydney waliwakamata wanaume kumi na wawili wa shirika la Industrial Workers of the World, kundi la wafanyakazi wenye msimamo mkali lililopinga vita waziwazi, wakawashtaki kwa njama za kuchoma moto majengo. Desemba wakahukumiwa, baadhi miaka 15 jela, na mwezi huohuo bunge la taifa likapitisha sheria ya kulipiga marufuku shirika hilo. Labor haikuwa na uhusiano rasmi nalo, na viongozi wengi wa Labor walilichukia. Hata hivyo, kila mkutano wa kampeni wa Chama cha Kitaifa uliwataja Storey na wachoma moto katika sentensi moja. Ushahidi wa kesi ile ulikuwa na matundu makubwa. Storey alipoingia madarakani mwaka 1920 aliunda tume ya jaji kuichunguza, na wafungwa kumi wakaachiwa. Lakini Machi 1917 mpiga kura alikuwa na hukumu ya mahakama tu mbele yake, na mimi simlaumu kwa kuiamini.

Sasa swali ambalo hukuuliza lakini linahitajika: serikali ya jimbo ilihusikaje na vita, wakati jimbo halina jeshi? Rasmi, haikuhusika. Jeshi, kodi ya forodha na mambo ya nje vilikuwa mikononi mwa serikali ya taifa. Lakini kila kilichoifanya vita ionekane nyumbani kilipita kwa serikali ya jimbo. Jimbo ndilo lililokuwa na reli na tramu, shule, polisi na ardhi. Ndilo lililotunga sheria ya 1914 ya kudhibiti bei za bidhaa muhimu. Meli zilipoadimika na ngano ikalundikana, majimbo yalishirikiana na serikali ya taifa kuinunua yote kwa pamoja kutoka kwa wakulima, mpango ulioanza 1915. Juni 1916 watu wa New South Wales walipiga kura yao ya maoni ya jimbo kuhusu saa ya kufunga baa, wakachagua saa kumi na mbili jioni, wengi wakisema kwamba haifai watu kulewa usiku wakati vijana wanakufa. Mtu aliyekwenda kituoni Machi 1917 alikuwa anaamua nani aendeshe hayo yote.

Kwa Holman hili lilikuwa faida kubwa. Suala la kulazimisha watu jeshini halikuwa ndani ya uwezo wa jimbo hata kidogo, na wananchi walikuwa wameshalijibu. Aliweza kuomba kura kama mtu wa kushinda vita bila kuomba mamlaka ya kumchukua mwana wa mtu. Labor ilijaribu kuwakumbusha watu kwamba ukimpa Holman jimbo leo, kesho Hughes ataleta swali lilelile. Ilikuwa kweli, kama tutakavyoona, ila kwa wakati ule ilisikika kama vitisho vya mtu anayeshindwa.

Kura ilipigwa tarehe 24 Machi 1917. Wanawake walipiga, kwa kuwa jimbo hilo liliwapa haki ya kura mwaka 1902, ingawa bado hawakuruhusiwa kugombea ubunge; hilo lilikuja 1918. Kupiga kura hakukuwa lazima, na watu waliojitokeza walikuwa wachache mno ukilinganisha na Oktoba, ambapo zaidi ya watu laki nane walipiga katika jimbo hilo. Hapo pana ufunguo wa pili: umati uliosema Hapana haukurudi wote. Kwa maoni yangu, wengi waliobaki nyumbani ni watu wa Labor ambao hawakuweza kumchagua Holman na pia hawakujua tena chama chao kinasimamia nini.

Kanuni ya uchaguzi nayo ilichangia. Kila eneo lilikuwa na mbunge mmoja, na asipopatikana wa kupata zaidi ya nusu, wawili wa juu walirudi kwa wapiga kura katika duru ya pili siku chache baadaye. Utaratibu huu uliwaondolea wapinzani wa Labor hofu ya kugawana kura. Kama mliberali wa zamani na mkulima waligombea mahali pamoja, aliyebaki alizoa kura za mwenzake katika duru ya pili. Mwisho wake Chama cha Kitaifa kilipata viti 52 kati ya 90, Labor 33, na vilivyobaki vikaenda kwa watu huru na wa makundi madogo.

Tazama hiyo 33 vizuri. Chama kilichopoteza mkuu wa serikali, mawaziri na magazeti, kikaitwa msaliti wakati wa vita, bado kilishika zaidi ya theluthi ya bunge. Holman alichukua viongozi. Vyama vya wafanyakazi, matawi ya mitaani na watu wa Balmain, Newcastle na Broken Hill hawakumfuata. Wengi wanaosoma matokeo haya huona ushindi mkubwa wa Chama cha Kitaifa. Mimi huona kwamba hapo ndipo Holman alipojua, au alipaswa kujua, kwamba amebaki peke yake ndani ya nyumba ya watu wengine.

Tarehe 5 Mei 1917 Hughes naye alishinda uchaguzi wa taifa, viti 53 kati ya 75, akiwa ameahidi kuheshimu uamuzi wa wananchi isipokuwa hali ya vita ibadilike. Ahadi ilidumu miezi michache. Desemba 20 aliwarudisha watu kwenye kura ya maoni, nao wakakataa kwa tofauti kubwa zaidi: Hapana 1,181,747, Ndiyo 1,015,159. Ndiyo maana nasema hawakusahau. Walijibu hivyohivyo kila walipoulizwa swali lile.

Hapa naomba nitoke nje ya Australia kidogo, kwani somo lako linahusu wanafunzi wa Kitanzania. Katika mwaka huohuo wa 1917, Dola hiyohiyo ya Uingereza ilihitaji watu katika vita hiyohiyo upande wetu, wapagazi wa kulibebea jeshi chakula na risasi hadi kusini mwa Tanganyika. Katika Afrika Mashariki ya Waingereza sheria ya kuwachukua kwa nguvu ilikuwepo tangu 1915, na mwaka 1917 John Ainsworth alisimamia msako mkubwa uliozikusanya kaya kwa kaya. Hakuna aliyeulizwa kwa kura ya maoni. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa. Sisemi hili kupunguza uzito wa mjadala wa Australia, ambao ulikuwa mjadala wa kweli. Nalisema kwa sababu mwanafunzi akijua mambo hayo mawili yalikwenda pamoja, ataielewa Dola vizuri zaidi.

Swali la tatu: mpasuko uliisha lini? Kwa watu waliofukuzwa, haukuisha. Agosti 1917, Holman akiwa safarini ng'ambo na Fuller akikaimu, wafanyakazi wa karakana za tramu za Randwick na za reli za Eveleigh waligoma kupinga kadi mpya za kurekodi muda wa kila kazi. Mgomo ukaenea hadi migodini na bandarini, ukadumu wiki tano na zaidi, ukashirikisha maelfu kwa maelfu. Serikali iliuvunja kwa kuajiri watu wengine, wengi vijana wa shamba waliopiga kambi Sydney, na waliogoma wakafukuzwa au kushushwa vyeo. Miongoni mwao alikuwa dereva wa treni wa Bathurst, Ben Chifley, na fundi wa Eveleigh, Joseph Cahill. Chifley alikuja kuwa Waziri Mkuu wa Australia mwaka 1945, Cahill mkuu wa serikali ya New South Wales mwaka 1952. Kizazi hicho kilibeba 1917 moyoni maisha yote. Kwao, aliyekihama chama hakusameheka.

Holman alitawala hadi 1920. Mwaka huo jimbo lilitumia mfumo mpya wa uwiano wenye maeneo ya wabunge wengi, na Chama cha Kitaifa kikagawanyika, wakulima wakienda njia yao. Labor ya Storey ilirudi ikiwa kundi kubwa kuliko yote bungeni, na mpinzani mmoja, Daniel Levy, alipokubali uspika na hivyo kuwapunguzia wapinzani kura moja, Storey akapata njia ya kuunda serikali. Holman alipoteza hata kiti chake mwenyewe. Alirudi kwenye uwakili, akaingia bunge la taifa mwishoni mwa 1931 upande wa wahafidhina, akafa 1934. Storey alikufa Oktoba 1921, akiwa ameliongoza jimbo mwaka mmoja na nusu tu.

Kwa darasa lako, Mwalimu, ningependekeza uiweke New South Wales kando ya Queensland. Huko mkuu wa serikali alikuwa T. J. Ryan, wa Labor, naye alipinga kulazimisha watu jeshini. Kwa hiyo chama chake hakikupasuka. Novemba 1917 Hughes alifika hadi kutuma wanajeshi kuvamia kiwanda cha uchapaji cha serikali ya Queensland ili kukamata nakala za hotuba za Ryan bungeni, na siku chache baadaye, akiwa stesheni ya Warwick, akarushiwa yai. Polisi wa jimbo hawakumkamata mrushaji kama alivyotaka, akaondoka kwa hasira na kuanzisha polisi wake wa taifa. Machi 1918, vita ikiwa bado mbichi, Ryan alikwenda kwa wapiga kura na kushinda kwa wingi mkubwa. Vita ile ile, chama kile kile, swali lile lile kuhusu vijana. Waulize wanafunzi kwa nini jimbo moja liliiangusha Labor na jingine likaipandisha, halafu wape orodha ya waliofukuzwa chama katika kila jimbo.